Miaka Thelathini na Mitatu Chini ya Pikapu: Mzee Mfaume Hussen Mwinshehe Anastaafu

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Mfaume Hussen Mwinshehe anafunga sanduku lake la spana baada ya kulitumikia Shirika la Afya Tembezi kwa miaka thelathini na mitatu kamili. Aliingia karakana yetu ya Sofu, Kibaha, tarehe 1 Julai 1992 akiwa fundi msaidizi mwenye ovaroli moja. Anatoka akiwa mkuu wa karakana na mwalimu wa madereva, na ovaroli bado ni moja, maana zile mpya tulizompa amekuwa akiwagawia wengine.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Ponsiano Kasiani, dereva, niandike wasifu huu. Waliniambia niandike kurasa mbili za kuchangamsha. Nitajitahidi, ila ninaomba wasomaji wanivumilie pale nitakaposhindwa.

Mzee Mfaume ni mzaliwa wa Mlandizi, katika familia ya wakulima wa mpunga na mihogo. Ufundi alijifunzia kwenye trekta la ushirika lililokuwa limekufa tangu yeye yuko darasa la nne. Alilifufua akiwa na miaka kumi na tisa. Lilitembea siku mbili, likafa tena, na wazee wa kijiji wakamsifu kama vile lilitembea miaka miwili. Yeye mwenyewe anasema zile siku mbili ndizo zilizomharibia maisha, kwa sababu tangu hapo hakuweza tena kuona chombo kimesimama akapita.

Shirika lilipomwajiri lilikuwa na pikapu tatu za zamani za kuwapeleka wauguzi Mzenga na vijiji vingine vya Kisarawe kuchanja watoto na kupima wajawazito. Alizijua kwa milio. Dereva akiingia getini, Mzee hunyanyua kichwa tu kutoka kwenye kazi yake na kusema, "Beringi ya nyuma kulia," na ukifungua unaikuta. Mwaka 2003 kuku alitaga mayai juu ya chasisi ya pikapu iliyokuwa ikisubiri vipuri. Vipuri vilipofika, Mzee alikataa kuligusa gari. Mkurugenzi wa wakati ule alipouliza kwa nini gari halijatoka, alijibiwa kwa upole kwamba mgonjwa wa kwanza bado hajajifungua. Vifaranga tisa walitoka salama, na gari likatoka siku iliyofuata.

Huyo ndiye Mfaume wa miaka ya mwanzo: mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Walioajiriwa baada ya mwaka 2016 hawamjui. Wao wanamjua mzee mkimya anayewasomesha difu, ule mtambo unaogawa nguvu ya injini kwa matairi, kila Jumamosi. Nataka waelewe kicheko kile kilikwenda wapi, na kwa nini hakuna dereva wa shirika hili anayepewa ufunguo kabla hajapita mikononi mwake.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 tulipata pikapu mbili mpya. Zilikuwa nyeupe, zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na ndani yake mlikuwa na vitufe ambavyo sisi madereva wa zamani hatukuvizoea. Mzee alikesha na vitabu vyake. Mwezi wa pili, mwenzetu mmoja alibonyeza kitufe cha kufunga difu akiwa kwenye lami kavu, akakata kona. Matairi yalilia, ekseli ikakatika. Mzee akakata vipande viwili vya tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, akavifunika vitufe hivyo kwenye pikapu zote mbili, akasema hakuna wa kubandua mpaka awe amefundishwa.

Mafunzo yakapangwa Jumamosi tarehe 2 Aprili, saa mbili asubuhi. Tulikuwa madereva wanne. Walikwenda watatu.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na kiwanja mtaa wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, na siku hiyo mafundi walikuwa wanamwaga zege la msingi. Nilimpigia Mzee simu nikamwambia nina homa. Akanipa pole, akasema tutatafuta Jumamosi nyingine. Tepu ya pikapu ya pili akaibandua siku hiyohiyo. Ya pikapu niliyokuwa naiendesha mimi ikabaki.

Jumatano tarehe 13 Aprili nilikuwa Mzenga na muuguzi wetu, Sista Laurentia. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa tatu asubuhi alikuja kijana anayeitwa Maulidi, ametota mpaka kiunoni, akasema mkewe Zuleha ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Sista alikwenda kumpima, akarudi akisema mama huyu anatakiwa hospitali Kisarawe, na anatakiwa sasa. Tukamlaza Zuleha kiti cha nyuma, Sista na Bi Biasha, mama mzazi wa Zuleha, wakiwa wamemshika. Maulidi akapanda nyuma kwenye bodi na jembe lake.

Kilomita saba tu tulikwenda. Kwenye bonde lenye udongo mweusi, gari likaserereka, tairi la mbele kushoto likaingia kwenye mfereji na la nyuma kulia likabaki linaelea, limegusa ardhi kidogo tu. Nikakanyaga mafuta. Hayo mawili yakazunguka bure, mengine mawili yakasimama kimya. Mara nikasikia mlio chini ya miguu, krrr, krrr, kama mtu anasaga karanga, na injini ikawa inakatwa pumzi kila nikiongeza mafuta. Taa ya njano ikawa inapepesa kwenye dashibodi. Nikadhani gari linavunjika. Kila nikiusikia mlio ule, nikaachia.

Nikajaribu gia ya chini, ile ya nguvu ya kutokea kwenye tope. Kwenye pikapu za zamani ilikuwa ni mti wa gia, unauvuta basi. Kwenye hii ilikuwa kitasa cha kuzungusha. Nikakizungusha matairi yakiwa bado yanazunguka kwenye tope. Taa ikapepesa, ikagoma. Nikazungusha tena, ikagoma tena. Nikatazama ile tepu nyeusi. Nilijua chini yake kuna nini. Sikujua kinatumikaje.

Nilipaswa kumpigia Mzee Mfaume dakika ileile. Mlima mdogo wenye mtandao ulikuwa hatua mia mbili. Sikumpigia, kwa sababu angeniuliza mambo ambayo wenzangu walifundishwa siku niliyosema nina homa. Badala yake tulichimba. Maulidi alilima tope kama mtu anayelima shamba la watu kumi. Tulikata matawi, tukayalaza chini ya matairi, matairi yakayameza. Saa nzima na dakika kumi zikapita hivyo.

Katikati ya hayo mtoto alizaliwa. Tulimsikia akilia, na Maulidi akaketi palepale kwenye tope akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha Sista Laurentia akafungua mlango. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

"Ponsiano, damu haikati," alisema. "Nimefanya yote ninayoweza kufanya humu. Toa gari hili."

Hapo ndipo nilipokimbilia mlimani. Mzee alipokea simu ikiita mara moja.

"Uko gia gani?"

"Ya juu, mzee. Ya chini imekataa."

"Haijakataa. Simamisha gari kabisa, weka gia huru, ndipo uzungushe. Subiri taa itulie. Ukiwa gia ya chini, gari halitakukaba tena injini. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Bandua tepu. Matairi yakiwa yamesimama, bonyeza kitufe cha difu, subiri taa yake nayo itulie. Nyoosha usukani. Halafu kanyaga mafuta taratibu, mguu mmoja, bila kukanyaga na kuachia. Ukisikia ule mlio wa kusaga, usiachie. Ni breki inalishika tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa mwenzake. Ndiyo inakusaidia hiyo. Usiachie, mwanangu."

Nilirudi nikikimbia. Nikafanya kama alivyosema, neno kwa neno. Gari lilitetemeka, likanguruma, likasaga, mguu wangu ukakaa palepale. Likatoka.

Dakika nne, ndugu zangu. Kuanzia kushika kitasa mpaka magurudumu yote manne kuwa kwenye ardhi ngumu, zilipita dakika nne.

Zuleha alifariki kabla hatujafika Kisarawe. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Mtoto, wa kike, aliishi. Walimpa jina la Raudha.

Kikao cha uchunguzi kilikaa Sofu wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu Jumamosi ile. Sikuulizwa, kwa sababu Mzee Mfaume alisimama kabla yangu.

"Mafunzo ya magari haya ni jukumu langu," alisema. "Aliyeliachia gari litoke getini na dereva asiyefundishwa ni mimi. Na kitufe nilikifunika mimi. Andikeni hivyo."

Wakaandika hivyo. Waliuliza kwa nini dereva huyu hakufundishwa pamoja na wenzake, naye akajibu kwamba ratiba ilimshinda yeye, mkuu wa karakana. Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka kwake. Nilinyamaza. Aliondolewa ukuu wa karakana kwa miaka miwili na akapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe. Mimi nilipewa pole.

Nilimfuata nje, nikamkuta ananawa mikono kwenye bomba ingawa mikono yake ilikuwa safi.

"Mzee, kwa nini hukuwaambia?"

"Wangekufukuza," alisema bila kunitazama. "Ukifukuzwa utakwenda kuendesha gari la mtu mwingine, nalo hulijui. Jumamosi saa mbili. Usiumwe."

Alijua kuhusu ile homa. Alijua siku zote.

Baada ya hapo alitaka kwenda Mzenga. Nilimpeleka mimi. Tulikaa mkekani mbele ya Maulidi na Bi Biasha, na Mzee akawaeleza kila kitu: kitasa, kitufe, tepu, na kwamba lile gari lingeweza kutoka mapema. Ila hakusema dereva alikuwa wapi siku ya mafunzo. Nami nilikuwa hapohapo kando yake, nikatazama miguu yangu.

Bi Biasha alimsikiliza mpaka mwisho, mjukuu akiwa amelala mapajani. Kisha akamuuliza, "Umekuja kutuambia haya ili upoe moyo wako, au wetu?"

"Sijui, Bi Biasha," Mzee alijibu. "Nimeona kutokuja ni kujificha."

Hakuna aliyetukaribisha maji. Tuliondoka.

Sasa nieleze kazi aliyoifanya miaka tisa iliyofuata, maana hiyo ndiyo tunayomshukuru leo. Alitafuta difu kuukuu, akaikata ubavuni kwa msumeno, akaifunga mezani. Kila dereva anayeajiriwa huanza kwa kuizungusha kwa mikono yake. Unashika upande mmoja, unazungusha katikati, na unaona kwa macho yako jinsi upande ulio huru unavyokimbia na ulioshikwa ukisimama. Husema, "Difu haijui nani ana njaa. Inawagawia wote sawasawa, na inapima kwa yule dhaifu. Tairi lililo kwenye tope linatosheka na kijiko kimoja cha nguvu. Basi na mwenzake aliye pakavu atapata kijiko kimoja, na kijiko kimoja hakitoi gari." Kisha anaubana upande ule huru kwa kiganja, na mara ule mwingine unaanza kuzunguka. "Hiki kiganja changu ndiyo breki ya ule mtambo wa umeme unaolishika tairi linalozunguka bure. Sensa, jicho la mtambo huo, imeona tairi linakimbia bure, imelikamata. Difu imedanganyika kwamba tairi limepata ardhi ngumu, imeongeza mgawo pande zote mbili." Mwisho anapitisha chuma katikati, pande zote mbili zinazunguka kama kitu kimoja. "Na huku ndiko kufunga. Ni kwa tope, mchanga na mwendo wa pole. Kwenye lami utavunja, kwa sababu kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, nawe umewafunga kamba moja."

Nyuma ya karakana alichimba shimo, akalijaza udongo mweusi aliouagiza kutoka Kisarawe kwa lori. Hapo utafundishwa kusikia ule mlio na kutoachia mguu. Watu wazima wamelia kwenye shimo lile. Na kuna jambo moja hulisisitiza kuliko yote, wala halimo kwenye kitabu chochote cha gari: ukikwama, piga simu kwanza, ona aibu baadaye. Anapolisema hilo hanitazami. Hajawahi kunitazama.

Ameshawafundisha madereva mia moja na arobaini na sita, wakiwemo wa mashirika mengine na wa magari ya wagonjwa waliosikia habari zake wakaja wenyewe. Dereva wetu mmoja, Zubeir, alikwama mwaka jana bonde lilelile, na mgonjwa ndani. Alitoka kabla Sista hajamaliza kufunga dripu. Zubeir aliporudi alitaka kumsimulia Mzee. Mzee alimsikiliza, akasema, "Vizuri," akaingia ofisini akafunga mlango, na hakutoka mpaka saa ya kuondoka.

Tulimpendekeza mfanyakazi bora mara tatu. Mara tatu alifuta jina lake. Mwaka 2021 alifiwa na mkewe, Bi Sada, na wiki ya pili alikuwa kazini kwa sababu kulikuwa na dereva mpya. Na kila Idd, bila kukosa, amekuwa akienda Mzenga. Mwaka wa kwanza Bi Biasha hakutoka ndani. Wa pili alimtolea kigoda. Wa tatu, maji. Maulidi ameoa tena, na Raudha yuko darasa la tatu. Mzee hupeleka daftari, humuuliza mtoto masomo, anaondoka kabla chakula hakijaiva. Hajawahi kula pale.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea wiki tatu zilizopita. Macho yake yameanza kuingia ukungu, hivyo aliniambia nimsomee. Nilipofika kwenye Jumamosi ile aliinua mkono.

"Hiyo itoe."

"Siitoi, Mzee."

"Una watoto, Ponsiano. Una kazi."

"Ninavyo kwa sababu yako. Siitoi."

Alishusha mkono. Kisha akasema nisome kwa sauti ya juu kidogo, hasikii vizuri. Nikaendelea.

Kesho yake nilikwenda kwa mkurugenzi nikampa maelezo yangu kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Ameyapokea na kuyaweka kwenye jalada la kikao cha mwaka 2016, juu ya barua ya onyo ya Mzee, na uamuzi wowote atakaoutoa juu yangu nitaupokea. Jumapili nikaenda Mzenga peke yangu. Nilimwamkia Bi Biasha, akaitikia. Nikamwambia, mbele ya Maulidi, kwamba siku ya mafunzo sikuwa na homa, nilikuwa nasimamia zege, na kwamba saa nzima ya kuchimba tope ilikuwa ni saa ya aibu yangu. Maulidi alisimama akatoka nje, akaenda hadi mwisho wa shamba. Hakurudi nikiwa pale. Sikutegemea arudi.

Bi Biasha aliendelea kupepeta mchele wake. Ungo wote uliisha.

"Mfaume anajua umekuja?" aliniuliza.

"Hajui, mama."

"Miaka tisa anakuja hapa na daftari kama mtu anayelipa deni. Na mimi nimempokea kama ninayedai." Akaweka ungo chini. "Wewe sina la kukuambia leo. Labda siku nyingine. Ila yeye mfikishie hili: Idd ijayo asilete kitu. Aje mapema, akae mpaka chakula kiive, ale."

Mzee Mfaume, nilitaka kukuambia ana kwa ana nikashindwa, basi naufikisha ujumbe hapa, mbele ya wote waliokuja kukuaga. Bi Biasha anakusubiri Mzenga; nenda mikono mitupu.

Wafanyakazi wote wa Shirika la Afya Tembezi wanakushukuru kwa miaka hii thelathini na mitatu. Rudi Mlandizi kwa amani, ukalime mpunga wako, macho yapate tiba na miguu ipumzike. Mungu akupe umri mrefu na afya njema. Na siku ya Idd, baba, kaa ule ushibe.